Mtindi mwepesi wa Julai: protini hazijafa, hazijakunjuka vya kutosha

"Shikamoo mtaalamu. Niko Njombe mjini, nina ng'ombe wawili wa maziwa, kwa siku napata kama lita 18. Nachemsha, natengeneza mtindi, watoto wananisaidia kuuza stendi. Kuanzia Novemba hadi Aprili mtindi unakuwa mzito hadi kijiko kinasimama. Ikifika Juni na Julai unakuwa mwepesi, unatoa maji juu, wateja wananituhumu naongeza maji. Jirani anasema baridi imeua protini. Mwingine anasema mimi ndiye ninayeziua kwa kuchemsha, natakiwa kupasha tu. Mdogo wangu yuko Dar, anatumia mbegu ileile na mtindi wake ni mzito mwaka mzima. Anasema huku kwetu juu maziwa hayachemki sawasawa. Isitoshe, wiki mbili zilizopita maziwa yalikatika sufuriani kabla hayajachemka, mara mbili. Na mtindi nilioweka kwenye friza niuze kama aiskrimu ulipoyeyuka ukawa chenga na maji. Nakosea wapi?"

Marahaba, mama. Swali lako limebeba mambo manne: joto, baridi, mwinuko wa Njombe, na sufuria iliyokukatikia. Nianze na neno lililowapoteza majirani wako wote wawili, neno "kuua". Protini haina uhai, kwa hiyo haifi. Kinachoishi ndani ya mtindi ni bakteria uliowatia pamoja na mbegu, na hao kweli baridi inawaonea, tutawafikia. Protini ina umbo, na umbo hilo ndilo linalobadilika kwa joto, kwa baridi na kwa mgandamizo. Mtindi mzito ni matokeo ya umbo lililobadilika vile unavyotaka. Wako wa Julai, kwa jinsi ulivyoueleza, badiliko hilo linaishia njiani.

Chukua kamba ndefu ya shanga. Shanga ni asidi amino, ziko za aina 20, na kila protini ina mpangilio wake. Baadhi ya shanga zinapenda maji, nyingine zinayakimbia kama mafuta yanavyoyakimbia. Ukiitia kamba hiyo majini haikai imenyooka. Inajikunja, shanga za mafuta zinajificha ndani, zinazopenda maji zinabaki nje. Umbo hilo linashikiliwa na vifungo vidogo vingi, kimoja kimoja dhaifu. Ukiongeza joto, kamba inatetemeka, vifungo vinaachia, na kile kibonge kinakunjuka. Sasa shanga za mafuta ziko wazi majini na hazipataki. Zinatafuta pa kujificha, na mahali pa karibu ni kwenye shanga za mafuta za kamba ya jirani, ambayo nayo imekunjuka. Kamba zinanasana. Ute wa yai unapogeuka mweupe na mgumu kwenye maji ya moto ndicho kilichotokea: hakuna kilichoungua, na maji yake karibu yote bado yamo ndani, yamenaswa kwenye wavu wa kamba.

Kukunjuka huko hakupunguzi chakula. Kamba haijakatika, shanga zote zipo. Tumboni asidi ingeikunjua hata hivyo, kisha vimeng'enya viikatekate. Kwa hiyo jirani anayekuambia upashe tu anakuokoa na hasara isiyokuwepo, na anakupeleka kwenye hatari iliyopo: maziwa ya ng'ombe mabichi au ya vuguvugu yanaweza kubeba brusela, ule ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba na kumletea mtu homa zisizoisha, pamoja na kifua kikuu cha ng'ombe. Usiuzie watu mtindi wa maziwa ambayo hayakupata joto la kutosha.

Sasa tuingie ndani ya sufuria. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina protini gramu 32 hadi 35 hivi, nazo ni koo mbili zenye tabia tofauti kabisa. Ukoo mkubwa, karibu sehemu nne kati ya tano, ni kaseini. Kaseini ni kamba zilizolegea tangu mwanzo, hazina kibonge cha kukunjua, ndiyo maana moto peke yake hauzisumbui. Zimekusanyika maelfu kwa maelfu katika vitufe vidogo mno, zimefungwa kwa kalsiamu na fosfeti, na nje vina vinyweleo vyenye chaji vinavyovifanya visukumane. Ni vitufe hivyo, pamoja na mafuta, vinavyoyapa maziwa weupe. Maziwa mazuri yanastahimili hata nyuzi 140 kwa dakika kadhaa bila kukatika. Shika hilo, kwa sababu lina maana kwamba sufuria yako haikukatika kwa kosa la moto.

Ukoo mdogo ni protini zinazobaki kwenye yale maji ya kijani-njano mtindi unapoachana. Kubwa kati yake inaitwa beta-laktoglobulini, kamba ya shanga 162 iliyojikunja barabara. Ndani yake imeficha shanga moja yenye salfa isiyofungwa na kitu. Maziwa yakifika nyuzi 70 hivi kibonge kinaanza kufunguka, na kufikia nyuzi 80 kinafunguka haraka. Salfa ile inatoka nje na kushika salfa iliyoko kwenye vinyweleo vya vitufe vya kaseini. Kifungo cha salfa kwa salfa ni kifungo hasa, hakiachii maziwa yakipoa. (Waliowahi kuweka kalikiti saluni wanakijua bila kukijua: dawa ile inavunja vifungo vya salfa vya nywele, nywele inazungushwa kwenye rola, kisha dawa ya pili inavifunga upya katika mkunjo mpya.) Pua yako pia inaijua hatua hii. Ile harufu ya maziwa ya kuchemshwa, ambayo mabichi hayana, ni harufu ya salfa, nayo inaanza kusikika protini hizi zinapofunguka. Kama hujasikia harufu hiyo, maziwa yako hayajafika.

Hapo ndipo uzito wa mtindi unapotengenezwa, kabla hata hujatia mbegu. Vitufe vya kaseini vilivyovikwa protini hizi vina mikono mingi ya kushikana. Asidi ya bakteria inapoongezeka, vinaanza kushikana mapema, pH (kipimo cha uchachu: kadiri inavyoshuka, uchachu unazidi) ikiwa kwenye 5.3 hivi, na vinafuma wavu wenye matundu madogo unaobana maji. Vitufe visivyovikwa vinasubiri hadi pH ishuke chini ya 5, vinashikana kwa haraka na kwa vipande, matundu yanakuwa makubwa, maji yanachuruzika. Maziwa ni yaleyale na mbegu ni ileile, wavu ndio tofauti.

Unaweza kuliona hili jikoni kwako kesho asubuhi, na ningependa ulifanye kabla hujabadilisha kitu chochote. Kwenye mtindi wako mwepesi, chota yale maji yaliyopanda juu kwa kijiko, upate nusu kikombe. Yapitishe kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili ili vipande vya mtindi vibaki nje. Kimiminika kinachobaki kiwe cha kijani-njano na chenye ukungu mdogo tu. Kichemshe kwenye sufuria ndogo, dakika mbili tatu, bila kukoroga sana. Ukiona chenga nyeupe nyingi zinajitokeza na kuelea, hizo ndizo protini za ukoo mdogo. Zilipita kwenye moto wako wa kwanza bila kukunjuka, zikakimbia na maji, na sasa tu ndipo zinakunjuka na kunasana. Kila chenga unayoiona ni uzito uliopaswa kubaki kwenye mtindi. Maji yakichemka yakabaki karibu vilevile, bila chenga za maana, basi moto wako hauna kosa na tatizo liko kwenye kugandisha. Kipimo hiki hakina gharama na kinakuambia ni nusu ipi ya kazi yako inayovuja.

Nadhani utaona chenga, na sababu inanirudisha kwa mdogo wako wa Dar. Amepatia jambo moja. Njombe mjini pako karibu mita 2,000 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni kama nne ya tano ya ule wa pwani, na kila mita 300 za kupanda zinapunguza joto la kuchemkia kwa nyuzi moja hivi. Kwako maji yanachemka kwenye nyuzi 93, Mbeya mjini 94, Kitulo kama 91. Ndiyo maana maharage ya Njombe yanamaliza mkaa. Lakini kwa mtindi, nyuzi 93 zinatosha na kubaki. Kinachotakiwa ni nyuzi 85 kwa dakika 30, au 90 kwa dakika 10. Kwa hiyo kosa haliko kwenye mwinuko.

Kosa liko kwenye kuyaondoa maziwa yanapofura. Povu linapanda na kutaka kumwagika kabla sufuria nzima haijafika kwenye kuchemka. Juu ni moto, katikati bado. Unakimbia, unaipua. Julai jikoni kwako kuna baridi, sufuria ya bati haishiki joto, na baada ya dakika chache maziwa yako chini ya 75. Protini zilipata labda dakika mbili za joto la maana. Kwa mdogo wako yanafura yakiwa na moto zaidi, na yakishaipuliwa yanapoa polepole kwenye joto la Dar, kwa hiyo anapata dakika za bure ambazo wewe huzipati. Analaumu mwinuko wa Njombe wakati anayestahili sifa ni joto la hewa ya Dar.

Na je, hewa nyepesi ya juu inagusa protini yenyewe? Hapana, tofauti ni ndogo mno. Mgandamizo unakunjua protini kweli, lakini kwa kiwango kingine kabisa. Mwaka 1914 mwanafizikia wa Marekani, Percy Bridgman, alibana ute wa yai kwa mgandamizo wa angahewa 7,000 hivi (angahewa moja ni mgandamizo wa hewa ya pwani), ukaganda kama uliochemshwa, bila moto. Protini iliyojikunja ina vijitundu ndani ambamo maji hayaingii. Ukiibana kiasi hicho maji yanalazimishwa kuingia, kibonge kinafunguka kwa sababu kikifunguka kinachukua nafasi ndogo zaidi. Beta-laktoglobulini ni laini, huanza kukunjuka kwenye angahewa elfu moja hadi elfu mbili. Kati ya Njombe na Dar tofauti ni moja ya tano ya angahewa moja. Kinachobadilishwa na mwinuko ni joto la kuchemkia, basi. Na kwa kuwa utafikiria hilo: usiyapike maziwa kwenye sufuria ya presha ili kupandisha joto. Povu linaziba tundu la mvuke, na hapo sufuria inakuwa bomu.

Fanya hivi badala yake. Tafuta kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzi 100, kitajilipa. Chukua sufuria kubwa, weka kitambaa kizito chini, tia maji, kisha simamisha ndani yake sufuria ya maziwa lita 10, maji yafike usawa wa maziwa. Maji ya Njombe yakichemka kwa nyuzi 93, maziwa ndani yataelea kwenye 85 hadi 90 na hayatafura wala kushika chini, kwa hiyo mwinuko unaolaumiwa unakuwa mlinzi wako. Funika, koroga kila baada ya dakika tano. Kipimo kikisoma 85, anza kuhesabu dakika 30. Huna kipimajoto? Pika moja kwa moja kwenye moto mdogo, yakifura punguza mkaa na usiipue. Yaache yatetemeke pembeni huku unakoroga kwa mwiko hadi chini, dakika 10 za saa. Gamba linalojitengeneza juu ni protini na mafuta yaliyokauka hewani. Koroga lirudi ndani, au liondoe mwishoni uwape watoto.

Usiendelee saa nzima kwa kudhani zaidi ni bora. Ukishapita hapo hupati uzito mwingine wa maana, maziwa yanakuwa ya kahawia kidogo na ladha inabadilika.

Baridi ina sura mbili, na jirani yako wa kwanza amekosea zote. Ya kwanza ni ya protini. Chuki ya shanga za mafuta kwa maji inapungua kadiri unavyoshusha joto. Kwenye nyuzi nne hivi baadhi ya kaseini huachia na kutoka kwenye vitufe vyao. Maabara wakiyatia asidi maziwa yaliyopozwa hadi nyuzi mbili au tatu, wakafika pH 4.6 ambayo kwa kawaida inagandisha kila kitu, yanabaki kimiminika; wakiyapasha taratibu yanaganda yote kwa pamoja. Lakini ona: yakipata joto, mambo yanarudi. Maziwa yaliyolala kwenye ndoo usiku wa baridi hayajapoteza kitu ambacho sufuria haitakirudisha. Umande wa Julai hauna kesi na protini zako.

Sura ya pili ndiyo inayokuangusha. Bakteria wa mtindi wana joto lao. Mbegu ikitoka kwenye yogati ya dukani, wanataka nyuzi 42 hadi 45 na wanamaliza kazi kwa saa nne hadi sita. Mbegu ya mtindi wa nyumbani inayotembezwa jirani kwa jirani, kwa kawaida hufanya kazi vizuri kwenye 22 hadi 28, saa 16 hadi 20. Wewe unamimina jioni, unafunika, unalala. Usiku wa Julai nyumba ya Njombe inashuka hadi nyuzi kumi au chini yake, ndoo inapoa, bakteria wanasinzia, na alfajiri unapakia kitu ambacho uchachu wake umefika nusu ya safari. Wavu umeanza kufumwa haujakamilika, halafu unasafiri kwenye bodaboda. Lazima utoe maji. Hata Julai, nyumba ya mdogo wako usiku ina joto ambalo yako haina mchana.

Kwa hiyo baada ya kupika, simamisha sufuria kwenye beseni la maji baridi hadi kipimo kisome 43 kama mbegu ni ya yogati, au 28 kama ni ya nyumbani. Usitie mbegu juu ya 46; joto likizidi sana utawaua bakteria wenyewe, na hapo neno "kuua" lina haki yake. Kwa lita 10 tia mililita 200 hadi 300 za mtindi mpya, wa jana au juzi, uliokorogwa ukawa laini. Mimina kwenye vyombo utakavyouzia, usije ukahamisha baadaye. Njombe hamkosi maranda ya mbao: jaza maranda makavu kwenye boksi au pipa la plastiki, unene wa shibiri pande zote, chimbia vyombo katikati pamoja na chupa mbili za maji ya moto, funika kwa blanketi. Usifungue kuchungulia na usitikise. Ukiinamisha chombo kidogo, mtindi uliokamilika unaachana na ukuta kwa kipande kimoja safi. Ukitiririka, urudishe saa mbili zaidi. Ukishakamilika, upeleke mahali pa baridi. Hapa baridi ni rafiki, inaukaza mtindi na kuwasimamisha bakteria wasiendelee kuuchachusha. Subiri angalau saa nane za ubaridi kabla ya kuupakia.

Kama bado hauridhishi, gramu 200 za maziwa ya unga kwa lita 10, zikitiwa kabla ya kupika, zinaongeza protini za kufumia. Ni gharama, na kwa maoni yangu anayepika vizuri hahitaji. Wanga wa mahindi siuungi mkono. Unaficha kosa badala ya kulirekebisha, na mteja wa Njombe anaujua uji akiuonja.

Friza ni hadithi fupi. Maziwa huanza kuganda barafu nusu nyuzi tu chini ya sifuri, na barafu inayojengeka ni maji matupu. Protini, chumvi na asidi vinasukumwa kwenye nafasi inayozidi kubana, wavu unakandamizwa na kuchanwa na fuwele. Barafu ikiyeyuka maji yanarudi, lakini kamba zilizobanwa pamoja hazibanduki. Hizo ndizo chenga zako. Aiskrimu inaepuka hili kwa sukari nyingi, mafuta, na kukorogwa mfululizo inapoganda ili fuwele zibaki ndogo. Ukitaka kuuza ya baridi, tengeneza koni za mtindi wenye sukari gramu 120 hadi 150 kwa lita, ziliwe zikiwa barafu. Usiahidi mtindi wa kuyeyusha.

Nimeacha la maziwa yaliyokatika mwisho kwa sababu si jambo la mapishi. Maziwa yanayokatika kabla ya kuchemka yalifika jikoni tayari yana shida. Sababu ya kwanza na ya kawaida ni uchachu ulioanza: ya jana jioni yamechanganywa na ya asubuhi, au ndoo ina kona isiyosuguliwa. Maziwa mapya yana pH 6.6 hadi 6.8. Yakishuka kuelekea 6 unaweza usisikie uchachu ulimini, lakini vinyweleo vya kaseini vimeshaanza kupoteza chaji, na moto unamalizia. Sababu ya pili ni dang'a. Ng'ombe aliyezaa karibuni ana protini nyingi sana za ule ukoo mdogo, zikiwemo kinga za ndama, na zikipata joto zinaganda kama yai. Siku tano za kwanza maziwa hayo ni ya ndama. Hata kikombe kimoja kikichanganywa kinaweza kukuharibia ndoo. Ya tatu ni ugonjwa wa kiwele: damu inavujisha protini zake na chumvi kwenye maziwa, na vimeng'enya vinaanza kuikatakata kaseini yenyewe. Mtindi wa maziwa hayo hautashika hata ukipikwa na mwalimu.

Kuzitenganisha, acha kuchanganya kwa siku tatu. Weka maziwa ya kila ng'ombe na ya kila mkamuo peke yake. Chukua kijiko cha chai cha maziwa, ongeza kijiko kimoja cha spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa, tikisa kwenye glasi. (Hakikisha ni 70, ya asilimia 95 inakata hata maziwa mazuri.) Yakibaki laini ukutani mwa glasi, yapike. Yakiacha vichenga, usiyatie kwenye mtindi. Ikiwa ni ya jioni tu yanayokatika, tatizo ni usafi na kupoza. Ikiwa ni ya ng'ombe mmoja, asubuhi na jioni, mtazame ng'ombe: kamua michirizi mitatu ya kwanza ya kila chuchu juu ya kitambaa cheusi, uone kama kuna vipande, maji maji au damu. Pima kwa mkono kama robo moja ya kiwele ina joto au ugumu kuliko nyingine.

Ukikuta lolote kati ya hayo, au spiriti ikikata maziwa ya ng'ombe mmoja siku mbili mfululizo hata kama kiwele kinaonekana kizima, mwite daktari wa mifugo aje amuone. Mimi siwezi kupapasa kiwele kwa maandishi. Usinunue sindano ya antibaiotiki dukani ukamchoma mwenyewe. Dawa itabaki kwenye maziwa, nayo inaua bakteria wa mbegu, kwa hiyo utapata mtindi usioganda kabisa na utarudi kulaumu baridi. Daktari akimtibu, muulize siku za kumwaga maziwa, zimeandikwa kwenye dawa, na uzifuate zote kwa maziwa ya robo zote nne, hata zile zisizoumwa. Akitaka sampuli ziende maabara ya mifugo ya Iringa, nawa mikono, futa chuchu kwa spiriti, mwaga michirizi ya kwanza, kisha kamulia kila robo kwenye kichupa chake kisafi kilichoandikwa mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Vifunge kwenye mfuko wenye barafu na visafiri siku hiyohiyo.